Mboga za Tarumbeta

Mwaka ule wa 1949, nyumba ya Mzee Murjan kule Makina, Kibra, ilijulikana kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni tarumbeta lake. Mzee alilipiga katika Keya, lile jeshi la Waingereza la Waafrika, tangu ujana wake, na alipostaafu akarudi nalo nyumbani. Kila asubuhi ya Idd alisimama mbele ya watu akalipuliza, na msafara ukaondoka kwenda kusali. Watoto walisema Idd haianzi mpaka Mzee Murjan apulize.

Cha pili ni mboga za Fatna, mke wa mwanawe Sadiq. Mboga hizo zilikuwa laini kama uji, na rangi yake ya kijani iling'aa kama kanga mpya. Majirani waliuliza siri yake, naye alicheka tu. Siri ilikuwa magadi. Fatna alikata mboga, akaziosha, akazitia sufuriani na maji mengi na kipande cha magadi. Zilichemka tangu adhana ya adhuhuri hadi karibu na alasiri. Kisha aliyamwaga maji yale mtaroni, akazikaanga kwa samli nyingi.

Mambo yalikuwa mazuri, mpaka Mzee alipoanza kutoka damu kinywani.

Siku moja alikuwa akila kisra, ule mkate mwembamba wa Wanubi, tena laini usiohitaji hata kutafunwa. Fatna aliona doa jekundu juu ya mkate.

"Baba, umejikata?"

"Nimejikata na nini? Kisra ina kisu?" Mzee alijibu kwa ukali. Lakini alifunika mdomo kwa mkono.

Jioni ile alilishusha tarumbeta ukutani, akalifuta, akaliweka mdomoni. Ilitoka sauti kama ya bata aliyekanyagwa. Shaba ilibana midomo, midomo ikabana ufizi, na ufizi ulikuwa umevimba. Mzee alilirudisha tarumbeta ukutani.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika Idd kubwa. Habari za Makina hazikai ndani ya nyumba. Kesho yake wazee wawili walikuja, wakanywa chai, wakazungusha maneno weee, mwishowe mmoja akasema:

"Murjan, kuna kijana hapa hapa Kibra, kule mtaa wa Lindi, anajua kupuliza. Tukupumzishe mwaka huu?"

"Yule?" Mzee alisema. "Yule anapuliza kama anayepoza uji."

Wazee walicheka. Mzee hakucheka. Walipoondoka, Fatna alimwona amekaa akitazama ukutani kwenye tarumbeta, mkono shavuni. Moyo ulimuuma. Yeye ndiye aliyempikia mzee huyu tangu mama mkwe alipofariki.

Fatna akampeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa zahanati, alimwambia Mzee afungue kinywa, akatazama, akagusa jino moja. Likacheza.

"Hiki ni kiseyeye," alisema. "Ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea. Mwili umekosa kitu kilichomo ndani ya mboga na matunda. Ale mboga kila siku, na matunda. Na asiache mswaki, ila asugue polepole."

"Mboga?" Fatna alishtuka. "Bwana dresa, huyu anakula mboga zangu kila siku!"

"Basi ale zaidi," alisema dresa, akamwita mgonjwa mwingine.

Njiani Mzee alinung'unika. "Matunda! Nikila chungwa kinywa kinawaka moto. Na mboga nyingi ni chakula cha mbuzi. Nilikwenda vitani mimi, sikwenda malishoni."

Lakini Fatna alipiga moyo konde. Asubuhi alimsubiri Wamuyu, mama wa Kawangware aliyepita Makina kila siku na kiondo cha mboga mgongoni.

"Leo nipe mafungu manne ya terere," alisema Fatna, akiushika mchicha.

"Manne?" Wamuyu alishangaa. "Wewe mama, umefungua hoteli?"

"Nina mgonjwa. Meno yake yanauma, nitazichemsha mpaka zilainike kabisa."

Akazichemsha kweli. Magadi aliongeza. Maji aliongeza. Kama ufizi unauma, alifikiri, basi mboga zisiwe na ugumu hata kidogo. Mzee alizimeza kwa upole, kwa kuwa alimpenda mkwewe. Siku sita zikapita. Jino likazidi kucheza.

Siku ya saba Fatna alitoka na sufuria, akamwaga maji ya mboga mtaroni kama kawaida. Mara bata wanne wakaja mbio, wakayanywa kwa fujo. Walikuwa bata wa jirani, Abdelrahim. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwake akichonga mpini wa jembe.

"Ahsante, mke wa Sadiq," alisema. "Bata wangu wamenenepa kuliko wote wa Kibra, na sijui nikulipe nini."

"Ami, ni maji machafu tu hayo."

"Machafu? Tazama rangi yake. Ile kijani imetoka wapi?"

"Kwenye mboga."

"Na kingine kilichokuwa ndani ya mboga kimekwenda wapi?"

Fatna alitazama sufuria. Alitazama mtaro.

Abdelrahim aliweka kisu chini. Alikuwa mpishi wa Keya katika vita vya Bama, yaani Burma kule Asia, mtu wa mzaha, lakini sasa hakuwa akitania.

"Mwanangu, nisikilize. Kile kitu alichosema dresa hakipendi mambo matatu. Hakipendi kuchemshwa muda mrefu, kinakufa. Hakipendi maji mengi, kinatoka na kwenda na maji. Na hakipendi magadi. Magadi yanaacha rangi nzuri, lakini yanaua kilichomo ndani. Wewe unampa Mzee rangi tu."

"Lakini mimi nazilainisha kwa ajili yake!" Macho ya Fatna yalijaa machozi. "Meno yake yanauma, Ami."

"Najua. Hapo ndipo mlipoingia kwenye duara. Ufizi unauma, unachemsha zaidi. Unachemsha zaidi, ufizi unauma zaidi. Usilie. Hata mimi nilipika hivyo, mpaka nilipokutana na Ma."

"Ma ni nani?"

"Mchina. Mwislamu kama sisi. Kule Bama alipika katika kambi ya jirani. Sikujua Kichina, yeye hakujua Kiswahili. Lakini alinipa salamu, 'Asalaam aleikum,' nikaitikia, tukawa ndugu. Mengine alinifundisha kwa mikono. Subiri."

Aliingia ndani, akatoka na karai la chuma, jeusi, kama lile la kukaangia mandazi.

"Kesho uwe na terere, karoti mbili, kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Magadi yaache dukani."

Kesho yake Fatna alivitandaza vitu vyote uani. Akashika kisu, akaanza kukata terere.

"Simama!" Abdelrahim alisema. "Umeziosha?"

"Nikishakata ndipo naosha."

"Ma angekupiga na mwiko. Ukikata kwanza, uzuri unatokea pale ulipokata, unakwenda na maji. Osha kwanza, kwa maji safi, jani kwa jani. Kung'uta maji. Halafu ndipo ukate."

Fatna aliosha. Akakata karoti.

"Nyembamba zaidi. Mzee hana meno ya simba. Ukikata nyembamba, hutahitaji kuchemsha ili zilainike. Kisu ndicho kinacholainisha. Moto unamalizia tu."

Maneno hayo Fatna hakuyasahau. Alikata karoti kama njiti za kiberiti. Alikata terere kama uzi. Kila kitu alikiweka tayari kwenye sahani kabla ya karai kukaa jikoni.

"Sasa moto uwe mkali," alisema Abdelrahim. "Mafuta vijiko viwili."

"Viwili tu? Mimi huweka kikombe."

"Ndiyo maana mumeo Sadiq akila anasinzia. Viwili."

Karai lilipopata moto, Fatna alitia tangawizi na saumu, kisha karoti, mwisho terere. Lilipiga kelele tsaaaa! Fatna aliruka nyuma.

"Geuza! Usiache! Geuza!" Abdelrahim alicheka. "Na uimbe."

"Niimbe nini?"

"Tarumbeta la chakula. Ma hakuwa na saa. Mpiga tarumbeta wetu alipoanza kuita askari waje kula, yeye alitia mboga kwenye moto. Alipopuliza mara ya tano, polepole, mboga ziko kwenye sahani. Sisi tuliliwekea maneno. Shika."

Akaimba kwa sauti ya pua:

"Njoo ule, njoo ule, usipokuja nala mwenyewe!"

Fatna alicheka mpaka mwiko ukayumba. Lakini alishika wimbo, akaimba huku akigeuza. Moja. Mbili. Alipofika mara ya tatu mlango ulisukumwa kutoka ndani, na Mzee Murjan akatokea amevaa kiatu kimoja.

"Nani anapiga tarumbeta langu kwa mdomo? Na nini kinaungua?"

"Hakuna kinachoungua, Baba. Nne! Njoo ule, njoo ule..."

Mzee alinusa. Tangawizi ilikuwa imejaa ua mzima. "Mnapika nyama?"

"Mboga."

"Mboga hazinuki hivyo."

"Tano!" Fatna alilitoa karai motoni. Mboga zilikuwa za kijani bado, bila magadi, na zilikuwa zimepungua kidogo tu. Akampa Mzee kidogo na kisra. Mzee alitia mdomoni kwa hadhari kama mtu anayekanyaga barabara yenye utelezi. Alitafuna. Alisita. Alitafuna tena.

"Zina ladha," alisema kwa mshangao. "Miaka yote hii, kumbe mboga zina ladha?"

Fatna aliumia kidogo kusikia hivyo. Kisha akacheka.

Tangu siku ile akapika vile kila siku. Leo terere, kesho kabichi, kesho kutwa majani ya kunde. Wamuyu aliposikia habari ya machungwa yanayowasha, alisema, "Mpe papai bivu. Halihitaji meno, na haliwashi." Akaleta na mapera ya kwake Kawangware, na Fatna aliyakata vipande vidogo vidogo. Mzee alikula papai asubuhi na mapera jioni. Mswaki alipiga polepole, kama alivyoambiwa.

Siku ya nne mkate haukuwa na doa. Siku ya nane uvimbe ulipungua. Siku moja Fatna alisikia sauti kutoka chumbani, fupi, ya wizi. Pu. Kimya. Pu-pu. Alijifanya hakusikia. Walipokwenda tena zahanati, dresa aligusa lile jino. Halikucheza sana kama zamani.

"Umeongeza mboga?" aliuliza dresa.

"Hapana," alisema Fatna. "Nimepunguza maji."

Idd ikafika. Alfajiri yake watu walikusanyika Makina kwa kanzu nyeupe, na wanawake kwa shuka zao za rangi. Kijana wa Lindi naye alikuja, amebeba tarumbeta lake, asijue asimame wapi. Mzee Murjan alitoka ndani amevaa kofia yake nyekundu. Fatna alisimama nyuma ya mlango, mikono kifuani.

Mzee aliinua tarumbeta. Akapuliza.

Sauti ilitoka safi, ndefu, ikapita juu ya mabati na migomba mpaka bondeni. Watoto walipiga kelele, "Idd! Idd!" Kijana wa Lindi aliweka tarumbeta lake kwapani, akapiga makofi pamoja na wengine.

"Wewe kijana," Mzee alimwita, "njoo huku karibu. Mwakani tutapiga wawili. Lakini kwanza uache kupoza uji."

Baada ya sala, mbuzi walichinjwa na nyama ikagawiwa. Fatna alipika pilau, kwa kuwa Idd ni Idd. Lakini nyama nyingine aliikata nyembamba, akaipika kwenye karai pamoja na karoti na kabichi, kama Abdelrahim alivyomwonyesha. Nyama ya mtu mmoja ikatosha watu wanne.

"Idd na majani?" alitania Sadiq.

"Nyama ipo," alijibu Fatna. "Mboga ndizo zilizokaribishwa. Ami anasema kwao kina Ma siku ya Idd hukaanga mkate wa ngano na kuwapelekea majirani. Kwa hiyo mandazi haya peleka kwa Wamuyu, umwambie asante ya papai. Nenda, rudi ule."

Baadaye alifunika sahani za Mzee na Sadiq kwa vifuniko vya ukili vya rangi, akatia fungu jingine la terere karaini. Tsaaaa! Akafungua kinywa aimbe.

Hakuwahi. Mlangoni mwa jiko alisimama Mzee Murjan na tarumbeta lake. Alipuliza lile tarumbeta la chakula, lenyewe hasa. Mara ya kwanza. Ya pili. Fatna aligeuza, akageuza, machozi yakimtoka, akasema ni moshi. Mara ya tano ilipokwisha, karai lilikuwa nje ya moto.

Kisha wakasikia vishindo vya miguu.

Mzee alikuwa amesahau jambo moja. Nusu ya wazee wa Makina walikuwa askari wa Keya, na mtu aliyewahi kuwa askari hasahau mlio ule. Walikuja kutoka kila upande, wengine na fimbo, wengine na sahani zao mkononi, Abdelrahim mbele yao akiimba, "Usipokuja nala mwenyewe!"

"Ya Rabi!" alisema Sadiq aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi. "Watu ishirini! Fatna, utafanyaje? Mboga zilizoiva hazitoshi!"

Zamani Fatna angejificha chumbani. Kulisha wageni mboga kulitaka mchana mzima na sufuria ya magadi. Sasa alichukua mafungu yaliyobaki, akayatumbukiza kwenye maji safi, jani kwa jani. Akakung'uta. Akashika kisu.

Karai lilipopata moto, aligeuka mlangoni.

"Baba," alisema, "puliza tena."