Damu Waliyoichekea

Sogeeni karibu, enyi wenye mama na mabinti, na msinikodolee macho ya aibu.

Asubuhi moja ya vuli, chini ya milima ya Kirigizi, wanawake walikusanyika uani kwa Burmakan kushindilia sufu ya kondoo iwe zulia. Soga zilikuwa zimenoga. Burmakan alipoinuka, Meerim, mke wa mwanawe, aliona doa la damu kwenye sketi ya mkwewe. Mama huyo alikuwa amekoma hedhi tangu miaka mingi.

Jirani yao Asipa naye aliliona. "Hee, shoga, umerudia ubiharusi? Tukutafutie mume?"

Wakaangua kicheko, Burmakan pamoja nao.

Meerim hakucheka. Awali, alipopimwa mlango wa kizazi kwenye kituo cha afya, muuguzi alimweleza kwamba damu ya namna hiyo haina mzaha. Walipobaki wawili alimsihi mkwewe waende kituoni. Burmakan akasema ni baridi tu, supu ya kondoo itaimaliza. Meerim akamgeukia mumewe, naye akajibu kwamba mambo ya kike hayamhusu. Kipupwe kizima kikapita hivyo, akiomba na kukaripiwa.

"Nimvulie nguo daktari, na mvi hizi?" Burmakan alimfokea. "Huna haya wewe?"

"Haya ninayo, mama. Lakini haya haizuii damu."

Burmakan alikubali kwenda pale maumivu yalipomnyima hata kukaa. Daktari wa mjini alikuta saratani ya mlango wa kizazi, nayo imeshasambaa. Akauliza mbona wamechelewa. Mwana wa Burmakan akatazama viatu vyake.

Burmakan alizikwa kabla nyasi za malisho hazijakatwa. Siku ya arobaini, Meerim aliwaomba wanawake waende naye kupimwa. Wakainamia vikombe vyao vya chai.

"Mimi siumwi popote," alisema Asipa.

"Ndiyo maana uende sasa. Au unangoja nawe tukuchekee?"

Kesho yake Meerim alisimama barabarani akiwangoja hadi akakata tamaa. Mwishowe akaja mmoja tu, Asipa, amejitanda shela hadi machoni.

"Usimwambie mtu," alinong'ona.

"Nitamwambia kila mtu," Meerim akajibu, akamshika mkono.

FUNZO

Saratani hii huanza kimya. Tupimwe tukiwa wazima, maana ikigunduliwa mapema hutibika. Damu baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, ni ya kupeleka hospitali, si ya kuchekea. Mabinti wapate chanjo. Nanyi wanaume, hayo mnayoyaita mambo ya kike ndiyo yaliyowazaa.