Ruoxi Achagua Pa Kusoma

Kila asubuhi, baada ya kumsaidia mama yake kupika mikate ya mvuke, Ruoxi alifungua kompyuta mezani na kuanza masomo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha Australia, lakini alikuwa hajawahi kukanyaga huko. Korona ilikuwa imefunga mipaka. Alisomea viumbe wa baharini, naye alikuwa kwao Yichang, mji wa ndani ya China, mbali kabisa na bahari. Mwalimu alipoonyesha matumbawe kwenye skrini, Ruoxi aliyagusa kwa kidole. Akagusa kioo tu.

Mama alitaka asomee karibu na nyumbani. "Huko nje wenzako wanaugua peke yao," alisema. "Wewe nani atakukorogea uji?"

Kusubiri kulimchosha Ruoxi, lakini kuiacha Australia kulimuuma zaidi.

Jirani yao, Mwalimu Pei, alifundisha chuo kikuu. Siku moja alikuja kula nao, akamuuliza kwa nini alichagua Australia. Ruoxi alisema chuo kile kina sifa, na picha za bahari ya huko zilimkaa moyoni tangu utotoni.

"Sifa ni nzuri, mwanangu, ila wakati wa maradhi haitoshi," alisema Mwalimu Pei. "Uliza kwanza. Mpaka uko wazi? Wanafunzi wanaingia darasani? Ukiugua, hospitali itakupokea? Na mama akikuhitaji, utarudi kwa njia gani?"

"Nikishajua yote hayo, nitaacha kuitamani?"

"Hapana, utaitamani tu. Lakini moyo usichague peke yake."

Basi Ruoxi na mama yake wakaanza kuuliza. Waliviandikia vyuo, wakawapigia simu wanafunzi waliokuwa huko. Mama hakuchoka kuuliza habari za hospitali. Mwishowe wakakubaliana aende Hong Kong, karibu zaidi na nyumbani. Huko wanafunzi walipokewa baada ya karantini, masomo yalikuwa darasani, na bahari ilikuwa jirani.

Siku aliyojitoa chuo cha Australia, Ruoxi alilia. Mama alikaa naye, akamwacha alie.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Ruoxi alizamia baharini pamoja na wanafunzi wenzake. Alipotoka majini alimpigia mama yake.

"Umeyaona hayo matumbawe yako?"

"Nimeyaona, mama."

"Basi nisimulie. Mimi bahari sijapata kuiona."

Ruoxi akaketi mchangani, nywele zikimchuruzika maji, akaanza kumsimulia.