Dada Shuka Ataka Kununua Jina

Binti yangu akiingia nyumba ya mtu, haangalii viti wala picha za ukutani. Anaangalia mapazia. "Haya yamefuliwa kwa sabuni kali," ataninong'oneza. Mimi namkanyaga mguu anyamaze.

Ndivyo alivyo. Amefua nguo za hoteli kubwa tangu usichana wake: shuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza. Mtaani wanamwita Dada Shuka. Tunaishi pamoja, yeye, watoto wake, mimi mama yake, na mume wake ambaye ni fundi bomba.

Mwaka mmoja hoteli hiyo iliuzwa. Wafanyakazi wengi wakapunguzwa, na yeye akiwamo. Akapewa kiinua mgongo, milioni kumi na mbili. Pesa kama hiyo ilikuwa haijawahi kuingia nyumbani kwetu, na wote tulijua haitaingia tena.

Jioni moja alikuja na picha za duka la kufulia nguo. Lilikuwa na kibao cha buluu na mashine zinazometameta.

"Mama, tunanunua jina," akasema.

"Jina? Kwani lako limeharibika?"

Mkwe wangu akacheka mpaka chai ikampalia.

"Sikiliza, mama," binti yangu akasema. "Kuna kampuni ya kufua nguo. Ina maduka mengi, kila mtu anaijua. Ukiwalipa, wanakuruhusu kufungua duka kwa jina lao. Wanakupa kibao, mashine na mafunzo. Sabuni unanunua kwao. Tunasaini Ijumaa."

"Na wateja wanakuja wenyewe," mkwe akadakia. "Kazi yetu ni kupokea pesa tu."

Hesabu zangu ni za shule ya msingi. Lakini nilitaka mtu aliyewahi kuingia kwenye biashara hiyo atuambie ikoje. Nikamwita jirani yetu, Mama Viatu. Kabla ya kuuza viatu, alikuwa na duka la keki lenye jina la kampuni kubwa.

Mama Viatu akaketi, akavua ndala zake.

"Haya, Dada Shuka. Milioni zako zinakwenda wapi?"

"Tano ni ada ya jina. Tano ni mashine na kibao. Moja na nusu ni pango la miezi sita."

"Imebaki nusu milioni. Na hiyo?"

"Waya za umeme, na rangi. Lazima duka lipakwe rangi yao."

"Basi umefungua. Rangi inang'aa, mlango uko wazi. Mwezi wa kwanza wamekuja wateja wachache. Umeme utalipa na nini? Watoto watakula nini?"

Binti yangu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama kikombe.

"Mimi nilianguka hapo hapo," Mama Viatu akasema. "Kibao changu kilikuwa kizuri kuliko nyumba yangu. Lakini pesa yote niliimaliza kabla ya kuuza keki ya kwanza. Mwezi wa tatu nina jina kubwa, unga sina."

"Kwa hiyo ni wezi?" mkwe akauliza.

"Wezi wapi, shemeji! Kuna mama mwingine alinunua jina lile lile. Mpaka leo anauza, na watoto wake wanasoma. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na akiba ya kumlisha mwaka mzima. Mimi sikuwa nayo." Kisha akamgeukia binti yangu. "Na kila mwezi kampuni inachukua nini?"

"Kumi katika kila mia. Kidogo tu."

"Mia ya mauzo au mia ya faida?"

"Si ni kitu kimoja?"

Mama Viatu akainuka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na vibanio. Akavipanga mezani.

"Hivi ni ishirini. Kila kimoja ni tano. Jumla ni mia. Hayo ndiyo mauzo, pesa yote aliyokupa mteja. Sabuni, maji na umeme vinakula hamsini." Akaondoa vibanio kumi. "Pango, ishirini." Akaondoa vinne. "Msichana wa kupokea nguo, kumi na tano." Akaondoa vitatu. "Vimebaki vingapi?"

"Vitatu."

"Hiyo ndiyo faida, kumi na tano. Sasa kampuni inakuja. Haichukui kumi ya faida. Inachukua kumi ya yale mauzo ya mwanzo." Akachukua vibanio viwili, akavitia mfukoni.

Mezani kikabaki kibanio kimoja. Nacho kilikuwa kimevunjika mguu.

Kwa kweli nilishindwa kujizuia. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Hafui, hapigi pasi, lakini anakula kabla ya mfuaji."

"Kampuni!" mkwe akajibu upesi. Hata mji sikupewa.

Mama Viatu alikuwa hajamaliza. "Na wateja umewahesabu vipi?"

Hapo binti yangu akajinyoosha. Hiyo ilikuwa kazi yake. "Kule hotelini kila shuka hufuliwa kila siku. Mtaa huu una vitanda vingi kuliko hoteli. Hata ikija nusu yake, mashine hazitapumzika."

"Hapa kwenu shuka hubadilishwa lini?"

"Mama akianza kukunja pua," mkwe akasema.

"Na nani anafua?"

"Mimi," nikasema. "Kwa mikono yangu, bure."

Tukacheka. Binti yangu hakucheka. Miaka yote alikuwa amewafulia wageni. Mgeni analala usiku mmoja, shuka linakwenda kufuliwa. Watu wa mtaani hawana haraka hiyo.

"Usisaini Ijumaa," Mama Viatu akamwambia kwa upole. "Nenda kwenye maduka ya kampuni hiyo. Watafute na waliofunga. Waulize mwezi mbaya wanaingiza nini. Mkataba mpe wakili ausome, umuulize ukitaka kutoka utatokaje."

Binti yangu akaenda. Mwenye duka mmoja alimwambia ukweli: watu huleta mablanketi na suti, basi. Yeye anaweza kwa sababu jengo ni lake, halipi pango. Mwingine alikuwa amefunga. Naye wakili akasema mkataba ni wa miaka mitano, na anayetoka mapema analipa miaka iliyobaki.

"Sisaini," akatuambia alipofika nyumbani. Siku zikapita. Aliogopa. Kwa umri wake, nani atamwajiri? Na pesa ikikaa bila kazi, nyumba itaila kidogo kidogo mpaka iishe.

Jumamosi moja mkwe wangu alirudi kutoka kwa kinyozi akijikuna shingo.

"Kinyozi gani huyu! Kanifunga taulo la mtu wa asubuhi, bado lina nywele zake!"

Binti yangu akaacha kumenya viazi. "Taulo zake anafua wapi?"

"Nitajuaje? Labda hafui."

"Anatumia ngapi kwa siku?"

"Mke wangu, mimi nilikwenda kunyolewa!"

Lakini binti yangu alikuwa ameshavaa viatu. Alimpata yule mtu aliyemkosa, mtu wa mtaani anayechafua nguo kila siku kama hoteli. Alizungumza na kinyozi, wasusi watatu na zahanati moja. Hakununua kitu. Mwezi mzima alifua taulo zao kwa beseni, ili aone kama watalipa, na kama watarudi. Walilipa, wakarudi.

Ndipo akanunua mashine moja iliyotumika. Mkwe wangu akafunga mabomba kwenye chumba cha nyuma. Milioni nne zikatumika. Nane zikabaki benki, akiba ya biashara mbali, ya nyumba mbali. Kila mwezi alijilipa mshahara mdogo, na kilichobaki baada ya hapo ndicho alichokiita faida. Miezi ya kwanza hakikubaki kitu. Akiba ikatubeba. Mwezi wa tano kikabaki.

Mwezi wa saba mashine ikaharibika, imejaa taulo na maji yake. Fundi wa mashine akasema kipuri kitachukua siku mbili kufika. Kwa duka lisilo na akiba, huo ungekuwa mwisho. Binti yangu akatoa pesa ya matengenezo benki, akarudi, akakunja mikono ya gauni.

"Wasusi wanafungua kesho asubuhi," akasema. "Leteni mabeseni."

Tukafua uani, yeye, mkwe na mimi. Mkwe alikamua mpaka akapiga kelele kwamba mgongo umekatika. Nikamwambia kiinua mgongo kiko benki, akaombe. Hakuna mteja aliyekosa taulo hata moja.

Mashine ilipopona, binti yangu akanijia na noti mkononi.

"Hizi zako, mama."

"Za nini? Si nimekusaidia tu?"

"Hapana. Umefanya kazi. Nisipokulipa, nitajidanganya kwamba duka limeingiza faida, kumbe ni mama yangu amefua bure."

Nilizikunja zile noti, nikaziweka kifuani.

Kisha nikamwuliza, "Na kesho hamhitaji mtu?"