Kanda ya Kromu

Fundi mwenzangu wa redio si mtu wa porojo, ndiyo maana nayasimulia haya. Mama yake alipofariki, kaka yake mkubwa alimletea kanda ya kaseti. Mama alisikika humo akisema, "Nyumba nampa mkubwa." Fundi akafungasha vyake, akahama.

Juzi adhuhuri, akisafisha kabati la duka lake, aliishika tena ile kanda, akaona matundu ya ziada mgongoni. Kumbe ni kanda ya kromu, aina inayotaka swichi yake kwenye redio, naye miaka yote aliipiga swichi ikiwa kwenye "kawaida". Fundi mzima! Akafunga madirisha ili asikie vizuri, chumba kikawa giza tupu, kisha akaitia kanda redioni na kusogeza swichi kwenye "kromu".

Ule mvumo wa shiii ukatulia. Chini yake akasikia kaka yake akinong'ona, "Sema nyumba unampa mkubwa, ndipo nikupe maji."

Fundi akachomoa waya wa redio ukutani. Akapapasa magurudumu ya kanda kwa kidole, akahakikisha yamesimama.

Ndipo kwenye spika mama yake akauliza, taratibu, "Kitindamimba wangu, na wewe ukamwamini?"