Mifuko ya Mativo

Aliyenisimulia kwanza ni Mitchelle, binti ya marehemu kaka yangu, Jumatatu ya Pasaka mwaka jana, jikoni kwangu mtaani Umoja, tukimenya viazi. Mimi nimeongeza yale tu niliyoyajua mwenyewe, kwa kuwa wote waliohusika ni wa nyumba yetu, isipokuwa mmoja.

Baba yangu, Wekulo, alikuwa mgawa karata katika kasino moja ya mjini. Mshahara huo ndio uliotulea mtaani Mbotela. Hata alipostaafu hakuacha mazoea ya kazi. Akimaliza kula, kabla ya kuinuka mezani, alipiga kofi moja, kisha akageuza viganja juu na chini. Ndivyo walivyofundishwa, ili kamera iliyo darini ione kwamba mtu anaondoka mikono mitupu. Sisi watoto tulimwiga, tukicheka.

Mitchelle na binamu yake Johnson, mtoto wa dada yangu Muhonja, waliamua kuandika pamoja riwaya ya uhalifu kutokana na maisha hayo. Johnson alikuwa na kinyozi chake, duka la kunyolea, mtaani Mowlem. Mkono wake ulisifika. Vijana walitoka hadi Dandora kuja kuchorwa mistari kichwani. Mchana, wateja wakipungua, wawili hao walikaa chumba cha nyuma na kompyuta moja, wakipokezana sura.

Kisa walichokitaka kilikuwa cha kweli. Mativo, rafiki ya baba na mgawa karata mwenzake, alikamatwa kazini akiwa na kibao cha kasino mfukoni, kimoja cha vile vya duara vinavyochezewa badala ya pesa. Walinzi walimpeleka ofisi ya nyuma. Wakaitia mikono yake kwenye droo, wakaifunga droo kwa mateke. Asubuhi aliokotwa kando ya reli, Makadara, amekufa. Kwetu ilisemwa hivi siku zote: Mativo alikuwa mwizi, na baba ndiye mwaminifu aliyemripoti.

Sura hiyo ilimwangukia Johnson. Aliandika kama ilivyosemwa.

"Si ubadilishe jina basi," Mitchelle akamwambia.

"Ya nini? Maiti atanipeleka kotini?"

Jumamosi wakaenda Mbotela kumsomea mama yangu, Nasike. Aliisikiliza sura, ambayo ilibaki mwisho wake tu, ameshika kikombe, kisha akatabasamu.

"Hivyo hivyo, mjukuu wangu. Ukimaliza kitabu, nyumba hii ni yako."

Nyuma ya pazia la chumba cha kulala, mtu akapiga kofi. Moja tu.

"Kukhu, uko na mgeni?" Mitchelle akamuuliza bibi yake.

"Hapana," mama akasema bila kugeuka. "Kunywa chai."

Kesho yake Johnson alitaka kumrudishia mteja chenji. Mkono ukagoma kuingia mfukoni. Mfuko ulikuwa umeshonwa mdomo, mishono midogo, uzi mweusi, imenyooka kama ya mashine. Suruali alikuwa ameivaa tangu asubuhi. Akachukua wembe, akafumua. Fundo la uzi lilikuwa kwa ndani.

"Kukhu ananichezea," akamwambia Mitchelle, akicheka.

"Kukhu na yale macho yake? Hata sindano haioni."

Mitchelle hakucheka. Alikuwa amekumbuka sare ya babu yake, ile inayoning'inia bado kabatini Mbotela. Mifuko yake ilishonwa midomo. Sare za wagawa karata wote zilizibwa mifuko, wasifiche kitu.

"Johnson, tumekosea. Mgawa karata hana mfuko. Kile kibao kiliingia wapi?"

"Wacha ujuaji. Msomaji hatajua."

"Lakini yeye anajua."

"Yeye nani?"

Chumba cha mbele, ambako hakukuwa na mteja, kofi likapigwa.

Wiki hiyo kidole gumba cha Johnson kiligeukia nyuma. Hakikumuuma. Kiligeuka tu, mbele ya macho yake, kikabaki hivyo. Kikafuata cha shahada. Mashine ya kunyolea ikamponyoka, ikamkata mteja sikio, na wateja wakaanza kupita bila kuingia. Daktari akampiga picha, akasema mifupa imevunjika kama iliyobanwa.

"Ulibanwa na nini?"

"Sijabanwa, daktari."

Wakarudi Mbotela. Safari hii Mitchelle ndiye aliyeuliza.

"Kukhu, sare za kasino, fundi alikuwa nani?"

"Mimi. Mashine yangu ilikaa pale dirishani."

"Na mfuko wa Mativo?"

Mama akaendelea kukoroga chai isiyo na sukari.

"Uzi hufumuliwa, na kibao hutiwa," akasema.

"Kukhu!"

"Vibao vilikuwa vinapotea, na macho yalianza kumgeukia babu yenu. Babu yenu alikuwa na watoto. Mativo hakuwa hata na mke." Akanywa kidogo. "Sasa mmejua. Mmefaidi nini?"

Johnson akaiweka mikono yake mezani.

"Nitazame, Kukhu. Hii ndiyo kazi yangu. Wacha tuandike ukweli. Sema tu umekubali, tafadhali."

Mama alivitazama vile vidole kama fundi anayepima kitambaa.

"Kidole hupona," akasema. "Jina likivunjika, hospitali yake iko wapi? Bado una vidole vinane. Maliza."

Njiani Mitchelle alimwomba waifute ile sura. Johnson alikataa.

"Mikono imeshaenda, Mitch. Nikose na nyumba?"

Aliimaliza alasiri moja, kinyozi kimefungwa. Nje jua lilikuwa kali na redio ya jirani ikiimba. Mitchelle alisimama mlangoni. Johnson aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, mpaka sentensi ya mwisho: Mativo alikuwa mwizi.

Redio ikazimika.

Droo ya meza, ile ya kuwekea mashine, ikafunguka. Polepole.

Mikono ya Johnson ikainuka kutoka kwenye kompyuta. Hakuiinua yeye. Ikashuka. Ikaingia.

"Mitch," akanong'ona. "Nishike."

Alimshika mabega, akavuta. Droo ikajifunga. Ikafunguka. Ikajifunga.

Ilipotosheka, Johnson alisimama. Hakulia. Alipiga kofi moja kwa mikono ile ile. Akavigeuza viganja, juu na chini, kuelekea pembe ya dari. Pale hapakuwa na kamera. Alisubiri hivyo, shingo ameinua, kama mtu anayengoja ruhusa ya kuondoka.

Mitchelle aliifuta sura yote siku ile ile. Kwa hiyo mama hakutoa nyumba. Kitabu, alisema, hakikumalizika.

Waliofariki katika kisa hiki ni wawili. Mativo alifia mahali nilipopataja. Baba alifia kitandani, usingizini, na mazishi yake yalijaa watu.

Johnson ni hai. Anakaa Dandora kwa mama yake, na Muhonja humlisha kwa kijiko. Akishiba, hugeuza viganja kwanza ndipo anainuka. Mitchelle ni hai, haandiki tena. Mama yangu ni hai, na ana afya kutushinda sote.

Mimi pia ni hai, niliyelelewa kwa mshahara ule. Jumapili iliyopita kikapu cha sadaka kilinifikia kanisani, na mkono wangu ukagoma kuingia mfukoni mwa koti.