Ameshaitika

Jioni ile msusi alifunga saluni mapema, akapita kwa fundi viatu kuchukua buti za mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Tangu ujana wake alikuwa na hamu moja isiyokwisha: kusimama juu ya kilele cha mlima uliokuwa ukionekana kutoka uani kwao. Mwaka huu aliapa liwalo na liwe. Alishapatana na rafiki yake, dereva wa lori, kwamba Jumamosi wangepanda. Kwa siku kadhaa ramani ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya chakula, ikabidi mume na mke wawe wanakula sahani zikiwa mapajani.

"Ukifika huko juu utaganda bila gesi," mkewe alikuwa amemtania asubuhi.

"Nikiganda utakuja kunitengeneza wewe," akajibu, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa msusi alikuwa amesimama mlangoni, buti kwapani, akipapasa funguo mkobani. Kuna mtu akaguna nyuma yake.

"Hodi, shemeji."

Aligeuka. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, amevaa koti zito lililofika magotini. Joto la jioni ile lilimtoa mtu jasho akiwa amekaa tu, lakini koti lile lilikuwa limelowa mabegani. Mvua ilikuwa haijanyesha kitambo. Na alinuka… majani yaliyooza, na moshi wa kuni mbichi.

"Nasikia mzee anapanda mlima," akasema polepole. "Mimi ni kiongozi wa njia."

"Nani kakwambia?"

"Habari zinafika kule."

Msusi aliona ni mmoja wa wale wanaotafuta kazi kwa wapandaji. Hakutaka kumfukuza mtu wa watu. "Karibu ndani basi, uongee naye mwenyewe."

"Nina matope, shemeji. Niitie tu."

Akafungua mlango, akapaza sauti. "Mume wangu! Unaitwa huku!"

"Naam!" Fundi Baridi akaitika kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu mwenye raha zake.

Mgeni akafumba macho, kama mtu aliyekata kiu ya siku nyingi.

"Basi," akanong'ona. "Ameshaitika."

Msusi alimtupia jicho mumewe aliyekuwa anakuja. Alipogeuka tena, barazani hapakuwa na mtu. Palibaki nyayo za matope tu. Zilipanda ngazi, zikafika mlangoni.

Hazikurudi.

Asubuhi yake Fundi Baridi hakuamka. Si kwamba alikufa. Alikuwa anapumua, macho yamefunguka nusu, lakini kila pumzi ilitoka na mvuke mweupe, katika chumba kilichokuwa na joto kama jikoni. Miguu yake ilikuwa inatembea. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, chini ya shuka, taratibu, kama mtu anayepanda mwinuko. Na kutoka chini ya kitanda ikasikika changarawe ikisagwa.

Kwacha… kwacha… kwacha.

Msusi aliinama kuchungulia. Sakafu ilikuwa tupu.

Mganga wa zahanati alikuja, akapima, akapima tena. "Moyo wake unakwenda kama wa mtu anayekimbia," akasema, akafunga mkoba. "Mama, sijui nikudanganye nini." Mama mkwe akafika akilia, akaleta mzee wa dawa. Mzee yule hakuvuka hata kizingiti. Alimtazama mgonjwa kwa mbali, akatikisa kichwa.

"Huyu hayupo hapa," akasema. "Nimtibu nani?"

"Yuko wapi?"

"Wewe ndiye uliyemwita. Wale waliopotelea kule juu hawashuki mpaka wapate wa kushika nafasi zao. Lakini mtu hawamchukui hivi hivi. Lazima aitwe na mtu wake." Akavaa kofia yake. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nguvu zangu zinaishia huku chini."

Dereva wa lori akasema safari imevunjwa. Msusi akachana ramani, akachoma buti uani zikatoa moshi mweusi. Haikusaidia kitu. Miguu iliendelea kutembea. Visigino vikachubuka, midomo ikapasuka kwa upepo ambao hakuna mwingine aliyeusikia. Mkewe alimpaka mafuta, akamfunika kila blanketi lililokuwemo, akamshika mkono uliokuwa baridi kama chuma.

"Rudi, baba," alimnong'oneza. "Geuka urudi."

Kwa mara ya kwanza midomo ile ikajongea.

"Siwezi… njia ni nyembamba. Nyuma yangu kuna watu."

"Watu gani?"

"Wengi. Wananisukuma."

Msusi akamvuta mkono kwa nguvu zake zote, kama mtu anavyomvuta aliyezama. Akaita jina lake la nyumbani mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe akamshika mabega, wote wawili wakalia.

Adhuhuri ya Jumamosi, jua likiwaka kweupe, miguu ikasimama.

Kimya. Hata changarawe haikusikika tena.

"Nimefika," akasema Fundi Baridi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mbali, lakini ilikuwa na tabasamu. "Mke wangu, kumbe kote kunaonekana! Naiona nyumba yetu. Dirisha liko wazi. Nakuona wewe."

"Unaniona?"

"Nakuona. Umekaa kitandani. Huyo uliyemshika mkono… ni nani?"

Vidole vilivyokuwa kiganjani mwa msusi vikapata joto. Vikamkaza.

Mvuke ukakoma. Mgonjwa akafumbua macho yote mawili, akamtazama mkewe, akaomba chai.

Mama mkwe alipiga vigelegele. Majirani walijaa, dereva wa lori akamkumbatia rafiki yake akilia kama mtoto. Msusi aliwatazama wote. Angemwambia nani, na angesema nini? Kwamba amerudishiwa mume mzima, mpole, anayekula vizuri, naye hamtaki?

Fundi Baridi amerudi kazini. Wateja wanamsifu kuliko zamani. Nyumbani hana ugomvi. Msusi analala upande wa ukutani, mgongo umekauka, akisikiliza pumzi isiyo na kosa lolote.

Siku ambazo mawingu hayajaufunika mlima, yeye hutoka uani kuanika nguo. Juzi alisimama pale, shuka lililolowa begani, akaangalia juu. Hakuona kitu zaidi ya mawe na weupe. Akainua mkono hata hivyo, akapunga. Akapunga sana, machozi yakimtiririka.

"Unampungia nani, mke wangu?"

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kikombe, anatabasamu.

"Hakuna mtu," akasema msusi, akashusha mkono.