Kifufuasauti na Wagombea wa Lwangilo

Kifufuasauti kilikohoa kwanza, kama mtu, kisha mgombea aliyekufa zamani akatokea juu ya meza, kitambi mbele, mwili mzima mwanga mtupu. Mtambo huo ulikuwa unalishwa hotuba na picha za marehemu, nao unamrudisha aongee mwenyewe. Kumbukumbu za uchaguzi wa bunge wa jimbo la Lwangilo ziliungua zote, na kesho roboti wachongaji wangeanza kuchonga ukutani, pale makumbusho, kila mgombea na chama chake: Jembe au Taa.

"Mheshimiwa, ulikuwa chama gani?" aliuliza mhandisi Atuganile.

"Kwanza, nani alishinda?"

"Jembe."

"Ndiyo mimi huyo! Jembe damu damu!"

Wa pili, Atuganile alimdanganya kwamba ilishinda Taa. Papo hapo yule marehemu akaanza kuimba Taa na kudai kofia yake. Wa tatu, alimwambia kura bado zinahesabiwa.

"Basi umeniwahi mno, binti. Rudi jioni."

Mama yake Atuganile, Bi Tumpe, alikuwa pembeni na chupa yake ya chai, anacheka mpaka machozi. "Wachumia tumbo hao! Mwite baba yangu uone mwanamume."

Baba huyo ndiye aliyekuwa fahari ya maisha yake. Aligombea kwa Taa, alivunjwa mkono kwa ajili ya Taa, akashindwa akiwa Taa. Bi Tumpe alikuja kuhakikisha inachongwa hivyo.

Baba huyo, Mzee Ambakisye, akatokea, mkono bado una bandeji.

"Baba, waambie chama chako."

"Tumpe! Ndiyo umezeeka hivyo? Hebu ngoja. Mama yako alimpigia nani kura? Nilimuuliza mpaka nakufa, yeye anachochea moto tu."

Bi Tumpe akatazama sakafu. "Jembe, baba. Aliniambia hospitali, siku zake za mwisho. Alisema ukishinda utahamia mjini, hatakuona tena."

Mzee akautazama mkono wake. Kisha akacheka taratibu.

"Kumbe kuna mtu alinitaka nyumbani. Basi niandikeni Jembe."

"Baba! Walikuvunja mkono!"

"Utapona. Andika Jembe."

"Mama," Atuganile akauliza kwa sauti ya chini, "sasa nichonge nini?"

Bi Tumpe akafunga chupa yake kwa hasira, akauendea waya, akauchomoa. Mwanga ukafa.

"Chonga Taa. Mengine nitamalizana naye nikifika ahera."